Kombaini ikikabwa na majani ya mpunga, anzia kwenye kichwa

Msimu wa mavuno, Usangu kwa Mwea, si ajabu kukuta kombaini imesimama katikati ya jaruba, kifuniko cha ubavuni kimefunguliwa na vijana wawili wanachomoa majani kwa mikono. Kesho yake inakabwa tena. Yalitolewa majani, chanzo kikaachwa.

Dramu, yaani silinda ya ndani inayopukuchua punje, ndiyo inayoonekana imejaa, lakini mara nyingi tatizo halikuanzia hapo. Mpunga ukipanda kwa mkondo ulio sawa, dramu inaumudu hata ukiwa mzito. Ukirundikana mbele kisha ukaingia kwa furushi moja, dramu inapoteza mizunguko, mkanda unateleza, na kufumba na kufumbua mashine imekabwa. Kwa hiyo ukaguzi uanze kwenye kichwa cha kuvunia, yaani sehemu ya mbele inayokata na kukusanya mpunga. Zima injini, ufunguo uweke mfukoni, na kama kichwa kimenyanyuliwa kifunge kwa pini yake au ukiwekee gogo chini. Usikiamini haidroliki peke yake.

Kwanza kisu. Kabla hujakigusa, rudi nyuma ya mashine uchuchumae uangalie visiki. Vikiwa vimekatwa sawa kama kwa wembe, kisu ni kizima. Vikiwa vimechanika nyuzinyuzi, au ukikuta mashina yaliyong'olewa na mizizi na tope lake, kisu hakikati, kinavuta. Tope hilo linapanda hadi kwenye chekecheo na kuliziba pia. Badilisha meno yaliyopasuka au kuwa butu, kaza riveti, na hakikisha ncha ya kila jino inalalia bamba lake la chini. Uwazi wa mbele usizidi nusu milimita.

Pili rili, yaani lile duara la mbele linaloinamisha mpunga kwenye kisu. Lizunguke haraka kidogo kuliko mwendo wa mashine, kwa asilimia 10 hadi 25. Likienda taratibu, mpunga unaangukia mbele ya kisu na kujikusanya; likizidi, linapukutisha punje na kujifungia majani. Kupima si kazi. Pima mita 20 shambani. Mashine ikizipita kwa sekunde 20, mwendo ni mita 1 kwa sekunde. Rili yenye kipenyo cha sentimita 90 inatakiwa basi kuzunguka mara 24 hadi 26 kwa dakika. Funga kitambaa chekundu kwenye ubao mmoja wa rili, simama pembeni kwa umbali salama, uhesabu.

Sasa ile skrubu kubwa inayokusanya mpunga katikati. Hapa ndipo pa kutumia muda wako, kwa sababu ndipo panapopuuzwa kuliko pote. Mapezi yake yanalika polepole na uwazi kati ya pezi na sakafu unaongezeka bila mtu kuuona. Kwa mpunga, milimita 10 hivi zinatosha. Zikifika 20 au zaidi, majani yanalala chini ya skrubu, yanarundikana, kisha yanapanda kwa mkupuo. Ukisikia mashine ikilia "ngu… ngu… ngu" kwa vipindi badala ya mlio mmoja, ni mafurushi hayo. Ishushe kwa bolti za marekebisho, pande zote mbili kwa kipimo kimoja. Kama pezi limelika sana, fundi achomelee nondo ya milimita 6 ukingoni, mzunguko mzima, kushoto na kulia, isije ikayumba. Mabonge ya uchomeleaji asage yote. Bonge moja linatosha kushika jani, na jani moja linaalika mengine. Sakafu yenye kutu isugue mpaka ing'ae.

Vidole vya katikati ya skrubu vitokeze zaidi upande wa mbele na chini, vijifiche vinapofika mdomo wa cheni ya kupandishia mpunga kwenye dramu. Vikichelewa kujificha, vinayarudisha majani mbele. Cheni yenyewe iwe na mkazo sawa kulia na kushoto, na vipau vyake vipite karibu kabisa na sakafu bila kuiburuza. Kipau kilichopinda kinyooshwe.

Kwenye dramu, kosa kubwa ni la opereta. Akiona mpunga mzito, anapunguza gesi. Hapo ndipo anapoikaba. Dramu ya kipenyo cha sentimita 62 ikizunguka mara 560 kwa dakika, meno yake yanakwenda mita 18 kwa sekunde; ikishuka hadi 450, yanakwenda chini ya 15, na majani hayasukumwi tena kutoka. Gesi ibaki juu, punguza mwendo wa magurudumu au minyororo. Kagua na mkanda: ukiubonyeza katikati, ukubali kama milimita 16 kwa kila mita ya urefu kati ya puli na puli. Mkanda unaong'aa ubavuni umeshaungua, kuukaza hakuuponyi. Mashine yenye mabamba ya kuongoza majani juu ya dramu, yageuze yatoe majani haraka wakati wa unyevu. Utapoteza punje kidogo, hivyo yarudishe jua likiwaka.

Shamba nalo lina sehemu yake. Toa maji siku 7 hadi 10 kabla ya kuvuna, na vuna punje zikiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 25. Asubuhi usikimbilie umande. Nyonga konzi ya mabua kama unayesokota kamba: yakijisokota bila kuvunjika, subiri. Mbegu ndefu kama Supa, au Basmati 370 kule Mwea, ziinulie kisu hadi sentimita 20 au 25 kama zimesimama; punje ni zilezile, majani yanayoingia ni machache. Zikiwa zimelala, funga vinyanyulio kwenye vidole vya kisu na ingia kutoka upande zilikolalia, masuke yakikuelekea.

Ikikabwa licha ya hayo, simamisha mwendo, zima kichwa kwa klachi yake, acha dramu ijitoe kwa gesi kubwa sekunde chache. Mkanda ukinuka, zima mara moja. Subiri dramu isimame kabisa, kata majani kwa mundu, na irudishe nyuma kwa spana kwenye puli. Usiiwashe ikiwa imejaa. Utaunguza mkanda na kupinda meno. Kabla ya kufunga kifuniko, kagua skrubu ya marejeo, ile inayorudisha masuke yasiyopukuchuka, na kata majani yaliyojiviringisha kwenye shafti karibu na beringi. Hayo ndiyo yanayokula sili inayozuia grisi kutoka, na beringi ikikauka majani makavu yanashika moto.