Fomu ya usajili imeilemea tovuti

SWALI: Tangu tuweke programu-jalizi ya kusajili washiriki wa semina kwenye WordPress, hata ukurasa wa mawasiliano unachukua sekunde 9. Tuhamie seva kubwa?

JIBU: Seva iacheni kwanza. Wekeni Query Monitor, programu-jalizi inayoonyesha kinachochelewesha ukurasa, fungueni ukurasa huohuo wa mawasiliano, mtazame hoja za hifadhidata (maombi ya data) zinatoka kwa programu-jalizi ipi. Skripti za fomu zikionekana hapo, zizuieni. Kazi yake iko ukurasa wa usajili tu. Kagueni pia wp_options, jedwali la mipangilio ndani ya hifadhidata: data inayopakiwa yenyewe kila ukurasa unapofunguliwa ikizidi KB 800, mara nyingi kuna masalia ya programu-jalizi za zamani. Chukueni nakala rudufu kabla ya kufuta. Mkiwasha kache, yaani kuhifadhi nakala za kurasa zilizo tayari, ukurasa wa fomu usiwemo, la sivyo semina iliyojaa itaonekana bado ina nafasi.