Kwa vijana wa gereji: tazama taa kabla ya kununua pampu

Alhamisi iliyopita nilifika gereji nikakuta kiti cha nyuma cha Corolla 110 kimeng'olewa, kifuniko cha pampu kimefunguliwa, na vijana wangu wawili wakijadiliana bei ya pampu ya mtumba. Gari lilikuwa likipiga stata vizuri bila kuwaka. Niliwauliza kama wametazama fyuzi ya EFI, yaani ya mfumo wa kumwaga mafuta kwa umeme, nao wakatazamana. Fyuzi ilikuwa imeungua kwa sababu waya mmoja uliochubuka ulikuwa ukigusa bodi, na pampu ilikuwa nzima kabisa. Ninawapenda vijana hawa, na ndiyo maana ninaandika haya kwa ukali kidogo.

1. Kwanza tambua ugonjwa. Stata isiyozunguka na injini inayozunguka bila kuwaka ni matatizo mawili tofauti. Pima betri wakati stata inapigwa, na volti zikishuka chini ya 9.6 anza na betri na vichwa vyake, kwa kuwa betri dhaifu inaweza kuzungusha stata huku kontroboksi, yaani kompyuta ya injini, ikikosa umeme wa kutosha.

2. Fungua swichi, kisha tazama taa ya cheki injini kabla hujapiga stata. Taa hiyo inapaswa kuwaka. Isipowaka, kontroboksi huenda haina umeme au haina ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi), na hapo huna sababu ya kwenda dukani.

Hili nililipia kwa aibu. Nilipokuwa na mwaka wa tatu kazini, dereva mmoja wa teksi aliniletea gari lenye injini ya Toyota ya 5A nimsafishie throto, yaani mlango wa hewa ya injini. Ili mkono upite vizuri, nilifungua bolti inayofunga nyaya za ethi kwenye manifoldi ya hewa, na wakati wa kurudisha niliizungusha kwa vidole, nikikusudia kuikaza kwa spana namba 12 nikimaliza kufunga mipira. Nikaitwa kwenye gari jingine, na bolti ile ikabaki hivyo. Teksi iliwaka, ikaondoka, na siku ya tatu alfajiri ikazima barabarani ikiwa na abiria. Ilipovutwa hadi gereji haikuwa na moto kwenye plagi wala nozeli hazikumwaga mafuta, nami nikatamka bila kupima chochote kwamba disi, yaani kigawa moto wa plagi, imekufa. Yule kaka alichukua fedha zake za upatu, tukaenda naye Gerezani, mtaa wa vipuri Dar es Salaam, kununua disi ya mtumba. Gari halikuwaka. Nikasema basi ni kontroboksi, naye akakopa, tukanunua. Halikuwaka. Kila nilipofungua swichi macho yangu yalikuwa kwenye injini, na taa iliyokuwa imezima mbele yangu niliiona mara moja tu, nikajiambia kwamba balbu yake imeungua.

Wiki ya pili, mzee aliyenifundisha kazi aliketi kwenye kiti cha dereva, akafungua swichi, akaniuliza, "Taa yako iko wapi?" Hakungoja jibu. Alishuka, akazifuata nyaya za ethi kwa vidole hadi chini ya manifoldi, na bolti ikatoka yenyewe mkononi mwake, nyuzi zake zikiwa zimejaa vumbi na mafuta. Aliikaza, na gari likawaka kwa stata moja. Mwenye gari alikuwa amesimama pale pale. Aliuliza neno moja tu: "Bolti?" Fedha ya kontroboksi nilimrudishia kidogo kidogo kwa miezi kadhaa, lakini siku kumi na nne alizokaa bila kazi sikuweza kumrudishia, wala hakuniletea gari tena.

3. Katika Toyota nyingi za umri wa Corolla ile pampu ya mafuta hukaa kimya swichi ikifunguliwa, kwa hiyo ukimya wake si ushahidi wa kufa. Unganisha kwa waya matundu ya B+ na FP kwenye kiboksi cha dayagnosi (cha kupimia kasoro), swichi ikiwa imefunguliwa, kisha usikilize kwenye tangi na ushike mpira wa mafuta. Kwa 5A, presha ukiwa umechomoa mpira wa vakyumu ni kama kilo 2.7 hadi 3.1 kwa sentimita ya mraba.

4. Soma misimbo ya kasoro kwa kuunganisha TE1 na E1 kwenye kiboksi hicho hicho na kuhesabu taa ya cheki injini inavyopepesa. Ukipata 14, acha nozeli kwanza: kontroboksi isipopata jibu kutoka kwenye ignita (kifaa kinachoamuru koili itoe moto) hukata mafuta yenyewe, hivyo kasoro ya moto hujionyesha kama kasoro ya mafuta. Na stata ikisikika nyepesi isivyo kawaida, fungua kifuniko cha disi, mwenzako apige stata, utazame rota inayozunguka ndani yake. Ikisimama, mkanda wa taiming umekatika. Kwa 5A mshukuruni Mungu, kwa kuwa valvu zake hazigongani na pistoni. Kwa injini nyingine nyingi msiseme neno kwa mteja mpaka mmepima kompresheni.

Kesho asubuhi inakuja Starlet isiyowaka. Kabla sijafika, nataka nikute daftarini volti za betri wakati wa stata, hali ya taa, hali ya fyuzi na misimbo iliyosomwa. Kiti cha nyuma kiwe mahali pake.