Jibu: Simu za video kati ya Linux, Mac na Windows

Ndugu, umeuliza programu gani itawaunganisha wewe mwenye Linux, dada yako mwenye Mac na baba anayetumia Windows. Mimi ningeanza na Jitsi Meet. Inafanya kazi ndani ya kivinjari, kwa hiyo aina ya kompyuta si hoja tena: anayeanzisha mkutano kwenye meet.jit.si anaingia kwa akaunti, wengine wanabofya kiungo tu. Kwa mzee asiyependa kusakinisha vitu, hiyo ni nafuu kubwa sana. Kinachowezesha hayo ni WebRTC, teknolojia ya sauti na picha ambayo tayari imo ndani ya Chrome, Firefox na Safari.

Zoom nayo ina programu kwa mifumo yote mitatu, ila mkutano wa bure unakatika baada ya dakika 40. FaceTime siwashauri, ni lazima mwenye kifaa cha Apple ndiye aanzishe. Skype ilifungwa Mei 2025.

Jaribuni mapema. Mara nyingi tatizo huwa ni kivinjari kunyimwa ruhusa ya kamera na maikrofoni. Bofya alama iliyo kando ya anwani ya tovuti, ruhusu, kisha pakia ukurasa upya.