Simu ya video imefunika kazi: majibu kwa wenye laptopu ndogo

Maswali yaliyoingia safari hii yanafanana: ama simu ya video imefunika kazi, ama kazi imefunika simu ya video. Nimechagua matano. Majibu yanahusu Windows, maana karibu wote mliouliza mnaitumia hiyo.

Shikamoo mwalimu. Nasoma Malimbe, na karibuni natetea tasnifu kwa Zoom. Nikianzisha slaidi zinajaa kioo chote, siwaoni walimu wala meseji zao. Laptopu yangu ni ya inchi 11. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kufika hapo. Tatizo lako linaanzia kwenye PowerPoint, Zoom haina kosa. Slaidi zikianzishwa kwa njia ya kawaida huchukua kioo kizima. Ingia sehemu ya Slide Show, bofya Set Up Slide Show, kisha chagua mstari wenye neno window. Kuanzia hapo slaidi zitacheza ndani ya dirisha unaloweza kulipunguza na kulisogeza. Ukifika kwenye Zoom, shea dirisha hilo peke yake.

Usigawe kioo nusu kwa nusu. Laptopu nyingi za ukubwa huo zina pikseli 1366 kwa upana; nusu yake ni 683, na hapo jedwali lenye safu nyingi halisomeki, si kwako wala kwa wanaokutazama. Zipe slaidi kama robo tatu ya kioo, ubavu unaobaki uwe wa maelezo yako.

Nyuso za walimu uziweke wapi? Ukishaanza kushea, Zoom inazikusanya kwenye kidirisha kidogo kinachoelea. Kikokote hadi juu katikati, chini kabisa ya kamera. Kikifunika kichwa cha slaidi usihangaike, kwa kawaida wao hawakioni. Hili nalisisitiza kwa sababu naona wanafunzi wengi wakilipuuza: kidirisha kikikaa kona ya chini, unaonekana umeinamisha uso tangu mwanzo hadi mwisho, kana kwamba unasoma au unaogopa. Kikiwa juu, ukimtazama mwalimu anayekuuliza, naye anaona unamtazama. Mbele ya watu wanaopima kazi yako ya miaka, hilo lina uzito.

Meseji ziache kabisa. Mwombe mwenyekiti wa kikao, au mwenzako atakayekuwemo, asome kwa sauti swali lolote litakaloandikwa. Huwezi kutetea hoja, kugeuza slaidi na kusoma meseji kwa wakati mmoja, hata ungekuwa na kioo cha ukutani.

Na kabla ya siku yenyewe, fungua kikao chako mwenyewe, ingia kwa simu kama mgeni, ushee slaidi, uone kwenye simu wanachokiona wao.

Mwalimu, nauza dagaa hapa Kirumba Mwaloni. Nilikuwa namwonyesha mnunuzi wa Lubumbashi hesabu ya mzigo kwenye Excel, mara ikachomoza meseji ya WhatsApp yenye bei niliyompa mnunuzi wa Bujumbura. Aliiona. Nizuie vipi isitokee tena?

Pole sana mama. Bei ya mteja ni siri yake na wewe, kwa hiyo naomba ufanye haya yote, usichague moja.

Kwanza, programu inapokuuliza unataka kushea nini, usiguse kioo kizima. Chagua dirisha la Excel tu. Meseji ikichomoza utaiona wewe, mnunuzi hataiona. Pili, zima arifa kabla ya kupiga. Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na N, kisha bofya alama ya kengele juu ya orodha ya arifa. Kwenye Windows 10 bonyeza Windows na A, utafute Focus assist. Tatu, ingia mipangilio ya arifa ndani ya WhatsApp, uzime kuonyesha maneno ya meseji. Siku ukisahau hayo mawili ya kwanza, litachomoza jina tu bila bei.

Kuna mwanya mwingine ambao hukuutaja. Kama daftari lako la Excel lina kurasa nyingi, majina ya kurasa yanakaa chini ya dirisha. Ukiwa umeyaita kwa majina ya wateja, kila unayemwonyesha anajua unauza kwa nani. Tengeneza faili la pembeni lenye mzigo wa mteja huyo peke yake, na hilo ndilo uonyeshe.

Kuhusu huyo wa Lubumbashi, mpigie. Kama bei zilitofautiana kwa sababu ya wingi wa mzigo au gharama ya njia, mweleze wazi. Ukinyamaza atatafuta maelezo yake mwenyewe, na hayatakuwa mazuri kwako.

Nafundisha sekondari Sengerema. Nilichomeka laptopu kwenye projekta, na tangu nilipoichomoa dirisha la kuchati linafunguka ila halionekani. Limekwenda wapi?

Limebaki upande ilikokuwa projekta. Bonyeza Windows na P, uchague kioo cha kompyuta pekee. Lisiporudi, liendee kwa Alt na Tab, kisha bonyeza Alt pamoja na kitufe kirefu cha nafasi, halafu M, halafu mshale wowote mara moja. Sasa sogeza mausi: dirisha litaifuata hadi lionekane, nawe ubofye ili litulie. Herufi M ikiwa imefifia, bonyeza R kwanza, urudie. Programu chache hazikubali njia hii. Kwa hizo jaribu Windows na mshale wa kushoto.

Niko Igoma. Kwenye kompyuta yangu kitufe cha kutuma kimezama chini ya kioo, sikifikii.

Maandishi yamekuzwa mno. Fungua Settings, System, Display, na palipoandikwa Scale shusha kutoka 125% hadi 100%. Kama unachatia ndani ya kivinjari, Ctrl na alama ya kutoa inatosha. Ctrl na sifuri inarudisha hali ya kawaida. Macho yakianza kuuma, rudisha 125% uufiche mstari wa chini wa Windows badala yake.

Mimi ni mzee, niko Nansio, Ukerewe. Mjukuu wangu ananifundisha hesabu za kikoba kwa Google Meet akiwa Mwanza mjini. Nikifungua daftari la hesabu yeye anapotea. Nataka nimwone huku naandika. Ameniambia pia niingie na simu, lakini bando linakwisha haraka.

Shikamoo mzee. Kama unatumia Chrome, bofya vile vidoti vitatu chini ya Meet, utafute picture-in-picture. Mjukuu atabaki kwenye kidirisha kidogo juu ya kila kitu, hata ukifungua daftari. Kisogeze kona ambayo huandiki.

Naye mjukuu ana hoja, maana simu ikisimama pembeni inakuachia kioo chote cha laptopu kwa hesabu. Ila vifaa viwili vikipokea video, bando linatoka mara mbili. Kwa hiyo chagua: au umwone kwenye kidirisha, au kikao kiwe kwenye simu peke yake na laptopu ifungue daftari tu, bila kuingia Meet. Kwa hesabu ndefu mimi ningechukua hii ya pili. Siku mkilazimika kuingia kwa vyote viwili, zima maiki na spika kwenye kimoja, la sivyo sauti zitaanza kupiga mwangwi na hamtasikilizana.