Alama za viatu kwenye grini: nirekebishe au niache?

Swali

Kocha, salamu kutoka Kisumu. Bado mimi ni mgeni katika gofu. Jumamosi iliyopita tulicheza wanne katika mashindano ya klabu. Kwenye grini moja (eneo la nyasi fupi sana lenye shimo) mpira wangu ulikuwa kama futi kumi na mbili kutoka shimoni, na njiani kulikuwa na alama mbichi ya mpira (kibonde kinachoachwa na mpira unapotua) pamoja na mikwaruzo miwili ya viatu vya njumu. Nikatoa kiuma changu, kile kifaa kidogo chenye meno, nikarekebisha vyote. Mzee mmoja tuliyekuwa naye, mwanachama wa miaka mingi, akaniambia alama ya mpira ni sawa, lakini ya kiatu haiguswi mpaka wote mmalize shimo, hivyo nijiandikie mikwaju miwili ya adhabu. Kedi wangu, anayenibebea mfuko wa vifaa, alisema sheria hiyo ilishabadilika. Kwa heshima ya mzee nilijiandikia adhabu, nikatia sahihi kadi.

Nani alikuwa sahihi? Na je, grini ikiwa imetobolewa matundu na kumwagiwa mchanga, naweza kuyaziba matundu hayo? Mpira ukiwa nje kidogo ya grini, mambo yanabadilika? Tena naomba unieleze namna ya kurekebisha, maana kila mtu ninayecheza naye ana mtindo wake.

Jibu

Dada yangu, salamu zako zimefika Nakuru. Nianze na linalokuuma: kedi wako alikuwa sahihi, na ile mikwaju miwili hukustahili kuibeba.

Mzee naye hakubuni jambo. Hadi mwisho wa 2018 sheria ilikuwa vile vile alivyokueleza. Mchezaji aliruhusiwa kurekebisha alama za mpira na vizibo vya mashimo ya zamani, basi. Alama ya kiatu ikiwa kwenye mstari wake, yaani njia ya mpira kuelekea shimoni, aliitazama tu, akapiga, na mpira ukipotoka akanyamaza. Waliojifunza gofu wakati huo waliadhibiwa kwa kosa hilo, kwa hiyo sheria iliwakaa kwenye damu. Tarehe 1 Januari 2019 R&A na USGA, vyombo viwili vinavyotunga sheria za gofu, vilianza kutumia sheria zilizoandikwa upya. Sheria ya 13.1c ikaruhusu kurekebisha karibu kila uharibifu ulio kwenye grini, na toleo la 2023 halikugusa ruhusa hiyo.

Kuhusu kadi, pole, hapo hakuna la kufanya. Kadi ikisharudishwa ikiwa na hesabu ya mikwaju ya shimo iliyo juu kuliko uliyopata kweli, ile ya juu ndiyo inayobaki. Ingekuwa ya chini kuliko ya kweli, ungeondolewa mashindanoni. Siku nyingine ukibishana na mtu kuhusu sheria, usikubali wala kukataa palepale. Mwambie anayekuandikia kadi kwamba shimo hilo lina swali, mwendelee kucheza, kisha mpeleke suala kwa kamati kabla ya kutia sahihi na kurudisha kadi. Kufanya hivyo hakumvunjii mzee heshima, na kamati ndiyo iliyopewa kazi ya kuamua.

Sasa tuje kwenye sheria yenyewe. Ukikuta kasoro kwenye grini, jiulize imeachwa na nani. Kama ni mtu, mnyama au kitu kigeni, rekebisha: alama ya mpira, mkwaruzo wa njumu, kovu la kijiti cha bendera kilichoangushwa, kizibo cha shimo la zamani kilichozama au kuinuka, mshono wa nyasi zilizopandikizwa, mburuzo wa mashine, jiwe au tii (kijiti cha kuwekea mpira) iliyokanyagiwa ardhini. Alama za wanyama zimo pia. Huku kwetu hilo si jambo la vitabuni. Kwarara wakishuka asubuhi kutafuta wadudu, midomo yao mirefu huacha vitundu vingi kwenye grini, na vyote hivyo unaruhusiwa kuvifunga. Nanyi wa Kisumu mna jirani wa ziwani anayetoka majini usiku kula nyasi. Unyayo wake ukiukuta kwenye grini, una ruhusa ya kuurekebisha, ingawa kwa uzito wake sidhani kiuma chako kitatosha. Uharibifu ukikushinda, unaweza kuiomba kamati iurekebishe. Lakini unyayo huo huo ukiwa kwenye fewei, njia ya nyasi inayoelekea kwenye grini, huna ruhusa ya kuugusa kama utaboresha mahali ulipo mpira wako, na msaada hupati ila kamati iwe imepachora kuwa ardhi inayokarabatiwa.

Kama kasoro imeletwa na mvua, na maji ya kumwagilia, na ugonjwa wa nyasi, na magugu, au ni upara tu wa ardhi, iache. Ukingo wa shimo uliolika kidogo kwa matumizi ya siku nzima nao uache. Lakini ukingo uliovunjwa na mtu aliyechomoa bendera vibaya, huo ni uharibifu, utengeneze kwa vidole.

Matundu uliyoyataja yameangukia upande wa kuacha. Kutoboa grini ni kazi ya kawaida ya utunzaji: udongo uliokandamizwa na miguu hufunguliwa ili hewa na maji vifike kwenye mizizi, kisha mchanga hutandazwa juu. Huruhusiwi kuyaziba wala kuyakandamiza matundu hayo kwenye mstari wako, hata kama mpira utarukaruka. Mchanga ulio juu ni habari nyingine. Kwenye grini, mchanga na udongo uliolegea unaweza kuondolewa bila adhabu, kwa mkono, kwa pata (fimbo ya kupigia kwenye grini), kwa kofia. Basi pangusa mchanga, acha tundu. Kamati inaweza pia kuweka kanuni ya uwanja inayompa nafuu mchezaji ambaye mpira wake umekaa ndani ya tundu au unaligusa. Matundu yaliyo kwenye mstari tu hayamo katika kanuni hiyo. Soma ubao wa matangazo kabla ya kwenda kwenye tii ya kwanza, mahali pa kuanzia mchezo.

Ruhusa hii ina mipaka. Utumie mkono, mguu, kiuma, tii, pata au kifaa kingine cha kawaida cha mchezo. Usichelewe: sheria inapendekeza mkwaju upigwe ndani ya sekunde 40 mchezaji anapokuwa tayari kupiga bila kizuizi, na anayekwamisha mchezo bila sababu huanza kwa adhabu ya mkwaju mmoja. Tena usivuke kurekebisha ukaingia kutengeneza njia. Nimewaona wachezaji wakisugua mstari mzima kwa soli ya kiatu kutoka mpirani hadi shimoni wakidai wanalaza alama. Hiyo ni kuboresha mstari wa mchezo, adhabu yake mikwaju miwili, au kupoteza shimo mkicheza shimo kwa shimo, ambapo huhesabiwa mashimo mliyoshinda. Rekebisha alama unayoiona, moja baada ya nyingine, uishie hapo.

Kedi wako anaweza kufanya kazi hii yote bila kukuomba ruhusa, na mpira ukiwa kwenye grini anaweza hata kuuokota, mradi aweke alama kwanza. Alama ya mpira ikiwa karibu sana na mpira wako, au chini yake, weka sarafu nyuma ya mpira, uokote, rekebisha, rudisha. Ukiusogeza kwa bahati mbaya wakati wa kurekebisha hakuna adhabu, unaurudisha mahali pake. Kuna wanaoogopa kusogelea alama iliyo karibu na mpira kwa sababu ya hofu hiyo ya zamani, nayo ndiyo husababisha grini zetu kubaki na makovu.

Namna ya kurekebisha ni jambo ambalo ningependa kila mwanachama alijue kabla hata ya kujifunza kupiga pata, kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo.

Mpira unapotua kutoka juu kwenye grini iliyolowa, husukuma nyasi na udongo kwenda mbele na chini. Tazama alama kwa karibu: ina kibakuli, na upande wa mbele, ule wa mwelekeo wa mpira, nyasi zimejikunja na kuinuka. Nyasi za katikati zimekandamizwa, mara nyingine zimekatika kabisa. Hizo haziokoki kirahisi. Zilizo hai ni za pembeni, na kazi yako ni kuzileta hizo za pembeni katikati.

Wengi hufanya kinyume. Huchomeka kiuma chini ya kibakuli na kukiinua juu kama wanaong'oa kiazi. Kwa jicho grini inaonekana imesawazika, na mtu anaondoka ameridhika. Chini yake mizizi imekatwa, udongo umepandishwa juu, na kesho asubuhi mashine ya kukata nyasi ikipita inakwangua kile kichuguu hadi udongo. Doa hilo hubaki kahawia kwa wiki kadhaa, na kwenye mvua nyingi kuvu au magugu hukaa humo kabla nyasi hazijarudi.

Fanya hivi. Piga goti moja au uchutame, usirekebishe ukiwa umesimama. Chomeka meno ya kiuma nje kidogo ya ukingo wa alama, yakiwa yamelala kwa mshazari kuelekea katikati, ukianza na upande wa mbele ulioinuka. Sukuma mpini kwenda katikati ya alama ili nyasi za pembeni zivutwe ndani. Ukihisi mpini unashuka na udongo unapanda, umeshaanza kuinua, rudi nyuma. Zunguka alama yote, mara nne au tano, kila mara ukileta ukingo kidogo. Katikati patajifunga. Maliza kwa kugonga taratibu kwa uso wa chini wa pata, au kanyaga mara moja kwa soli, mpaka pawe sawa na grini nyingine. Pitisha kiganja juu; ukihisi mwinuko, gonga tena. Alama iliyorekebishwa hivi ikiwa mbichi hupona katika siku chache. Ile iliyoachwa mpaka ikauke, hata ukiirekebisha vizuri, nyasi zake za katikati zimeshakufa.

Huna kiuma? Tii ya mbao inatosha. Itakuchukua muda kidogo zaidi, kwa sababu ina jino moja.

Mikwaruzo ya viatu haihitaji kuchomwa. Nyasi zilizoinuliwa na njumu zirudishe chini kwa kidole kisha ugonge kwa pata. Mkwaruzo mrefu wa mtu aliyeburuza mguu ulaze kwa kufuata mwelekeo ambao nyasi zimetoka. Bora zaidi ni kuinua miguu, na hili nawaambia sana wanafunzi wangu: tembea kwenye grini kama mtu anayebeba maji, usigeuke kwa kisigino, usisimame karibu na shimo unapookota mpira, wala usitumie pata kama mkongojo. Shimo lina upana wa inchi 4¼ tu. Mtu mmoja mzito akiegemea pata kando yake, kila atakayefuata siku hiyo atapigia kwenye kibonde.

Kuhusu adabu, Sheria ya 1.2 inamtarajia mchezaji autunze uwanja, na kurekebisha alama za mpira imetajwa humo waziwazi. Hakuna mikwaju ya adhabu kwa kutorekebisha, isipokuwa kamati iwe imeandika kanuni zake za mwenendo. Ndiyo maana nasisitiza hapa kuliko kwenye adhabu. Fika kwenye grini, tafuta alama yako kwanza, hata kama mpira ulitua ukaviringika nje, kisha rekebisha nyingine moja au mbili unaposubiri wenzako wapige. Usifanye hivyo mtu akiwa amesimama juu ya mpira wake. Msimu wa mvua za mchana, grini zinapolainika, wachezaji mia wakiacha alama moja moja kila mmoja kwenye kila grini, watunza uwanja wachache wanaoamka alfajiri hawawezi kuzimaliza, na si haki kuwaachia.

Swali lako la mwisho, la mpira ulio nje ya grini. Kinachotazamwa ni mahali ulipo uharibifu, mpira wako popote ulipo. Mpira ukiwa kwenye ukingo wa nyasi ndefu kidogo, au hata kwenye shimo la mchanga, unaweza kutembea hadi kwenye grini na kurekebisha alama iliyo kwenye mstari wako. Alama hiyo hiyo ikiwa hatua moja nje ya grini, kwenye ukingo, huruhusiwi kuigusa kama itaboresha mstari wako. Ipigie ilivyo, uirekebishe baada ya mkwaju. Mchanga pia: ulio kwenye grini pangusa, ulio kwenye ukingo acha, hata kama umemwagwa hapo na mwenzako aliyetoka kwenye shimo la mchanga. Ila akiumwaga pale baada ya mpira wako kutulia, kwa mkwaju wake, una haki ya kurudishiwa hali uliyokuwa nayo, na hapo unaweza kuuondoa.

Na umande wa asubuhi, kwa kuwa najua utaniuliza: usiupanguse kwenye mstari wako, si kwa taulo, si kwa pata, si kwa mguu wa kedi. Umande haumo katika vitu vya kuondoa, uwe kwenye grini au nje yake, isipokuwa kwenye eneo la tii unapoanzia shimo.