Kuunganisha Swichi Nne Ziwe Kifaa Kimoja: Niliyojifunza Mwanza

Katika jengo moja la ofisi karibu na Barabara ya Kenyatta, jijini Mwanza, nilifunga swichi nne za mtandao wa kompyuta kwenye kabati moja nikaziunganisha kwa kebo za staki (staki ni kundi la swichi zilizounganishwa hivi), ili ziendeshwe kama kifaa kimoja chenye anwani moja ya IP na faili moja la mipangilio. Kebo ya kurudi, ile inayotoka swichi ya mwisho hadi ya kwanza na kukamilisha duara, niliiacha kwenye boksi kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Miezi michache baadaye fundi umeme aliyekuwa akipitisha nyaya nyuma ya kabati aliilegeza kebo ya katikati, na staki ikakatika vipande viwili: kila kipande kikajipatia kiongozi wake, yaani swichi inayoziongoza nyingine, na vyote vikawa vinadai anwani ile ile. Siku hiyo nilikuwa Sengerema, na kwa kuwa daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa halijafunguliwa, nilisubiri kivuko huku simu ikilia mfululizo.

Jambo la kwanza, basi, ni kufunga duara: lingekuwa kamili, data ingegeuka na kupita upande wa pili. Uwezo wa staki ungepungua kwa nusu, lakini nisingepigiwa simu.

Jambo la pili ni kuchagua kiongozi wewe mwenyewe. Katika swichi za Cisco aina ya Catalyst, kipaumbele huanzia 1 hadi 15, na zote hutoka kiwandani zikiwa na 1. Usipoigusa namba hiyo, mara nyingi uamuzi huangukia anwani ndogo zaidi ya MAC (namba ya kipekee ambayo kila kifaa cha mtandao hutoka nayo kiwandani), ambayo aghalabu ni ya swichi kongwe kuliko zote, ile ambayo wala hungependa kuitegemea. Mimi huipa swichi ninayoitaka 15 na inayofuata 14, nikikumbuka kuwa kiongozi aliyepo hang'oki hadi uchaguzi mwingine ufanyike, kwa kawaida staki inapowashwa upya.

Unapoongeza swichi, hakikisha kwanza toleo la programu yake linalingana na la wenzake, kisha uizime kabla ya kuchomeka kebo. Ukiiunga ikiwa inawaka, viongozi wawili hukutana, na upande unaoshindwa hujizima na kuwaka upya, pengine ukiwa ndio upande wenye watumiaji wote.

Wateja huniuliza kama staki inaweza kuvuka kutoka jengo hadi jengo. Kebo hizi ni fupi, kwa kawaida hazizidi mita 3, hivyo ni za kabati moja au makabati jirani. Kati ya majengo tandaza faiba, kebo inayopitisha mwanga badala ya umeme, hasa huku kandokando ya ziwa ambako radi za msimu wa mvua hupitia waya wa shaba na kuunguza poti za pande zote mbili.