Kabla Hujaiita Filamu Mbovu, Angalia Nakala Uliyopewa

Filamu nyingi zinazozimwa baada ya dakika kumi hapa Kisumu zimeponzwa na nakala, wala hadithi haina kosa.

Anza na dakika. Studio za Marekani zina mazoea ya kukata filamu kisha lawama zikamwangukia mwongozaji. Once Upon a Time in America ya Sergio Leone (1984) ilionyeshwa Ulaya ikiwa na dakika 229. Marekani ikapunguzwa hadi 139, tena matukio yakapangwa upya kuanzia utotoni hadi uzeeni, ilhali kumbukumbu za mzee ndizo zilizokuwa zinaibeba hadithi yote. Kingdom of Heaven (2005) iliingia kumbi za sinema na dakika 144. Nakala ya mwongozaji ina 194. Katika zile zilizokatwa alimo mtoto wa malkia Sibylla, na bila yeye mama anaonekana kachanganyikiwa bure. Fungua maelezo ya faili ulinganishe na dakika kamili za filamu. Pengo dogo lisikutishe: filamu ya dakika 100 ikichezwa kwa picha 25 kwa sekunde badala ya 24, huisha kwa 96 bila kukatwa chochote.

Kasi hiyohiyo huharibu maandishi ya chini. Yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, bonyeza G au H kwenye VLC, programu ya kuchezea video, ya kompyuta uyasogeze. Yakianza sawa kisha yakazidi kuachwa nyuma, kama sekunde mbili na nusu kila dakika, yalitengenezewa picha 23.976 kwa sekunde nawe una filamu ya 25. Hapo G na H ni kazi bure. Tafuta maandishi mengine.

Halafu flashi. Ikiwa imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kuhifadhi faili, faili inayozidi GB 4 haiingii, kwa hiyo mwenye duka la filamu atakuwekea iliyobanwa, na matukio ya usiku yatajaa vijisanduku vyeusi. Ifomati iwe exFAT, ila hakikisha kwanza TV yako inaisoma.

Nakala zenye sauti ya DJ anayesimulia juu ya filamu zina raha yake, na filamu za mikwaju haziziharibiwi nazo. Kwa filamu tulivu, achana nazo. Kati Kati ya Mbithi Masya (2016), ya hapahapa Kenya na fupi vilevile, inategemea ukimya kuliko maneno.

Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki wa filamu, nayo husomwa vibaya. Asilimia 55 si alama 55 kwa 100. Ni kwamba wahakiki 55 katika kila 100 waliipenda. Binafsi naona filamu iliyowagawa watu hivyo ina mengi kuliko ile ambayo kila mtu amesema "si mbaya".

Zipo pia zilizo mbovu kwelikweli. Nakala ikiwa kamili, mazungumzo yanasikika, umefika katikati na bado hujui mhusika mkuu anataka nini, zima ulale.